Sanduku la Stima ya Jua
(Hotuba kwa wanachama wa tawi)

Ndugu Wafanyakazi,

Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Tarehe 10 Desemba mwaka huo huo ikapotea tena. Mwenzetu wa zamu ya usiku akiumia gizani, nani ataona jeraha apate kulifunga? Kwa hiyo nasema kila tawi lijitengenezee sanduku la stima.

Vitu vyake ni vichache: paneli ya sola, betri ya volti 12, kidhibiti cha chaji, fyuzi, na sanduku imara lenye mpini. Betri ya asidi ya ampea-saa 40 ina wati-saa 480. Tumieni nusu tu, maana ikizoea kumalizwa hufa upesi. Nusu hiyo huwasha taa mbili za wati 5 usiku mzima, na ziada ibaki. Paneli ya wati 50 huirudisha kwa siku moja au mbili za jua kali.

Sasa sikilizeni vizuri. Fyuzi ikae karibu kabisa na ncha ya betri yenye alama ya kujumlisha. Bila fyuzi, waya zikigusana ni moto. Sanduku litobolewe matundu, kwa sababu betri ya asidi ikichajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka. Kwenye kidhibiti, fungeni betri kwanza, paneli baadaye.

Lakini ndugu zangu, sanduku hili halimwondolei mwajiri wajibu wake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka aweke mwanga wa kutosha. Tutengeneze letu, na haki yetu tuzidi kuidai.