MIRUNGI NI MKOPO
(Mazungumzo ya Kamati ya Elimu, yameandikwa kwa ajili ya wasiohudhuria)



Msimu wa pamba umekaribia, na maneno yameanza tena: eti wapakiaji na walinzi wa ghala wasipotafuna mirungi, kazi ya usiku haitakwenda. Tumeona jambo hili tulizungumze waziwazi.

Jani bichi la mirungi lina kemikali iitwayo kathinoni. Ndiyo sababu hufungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa sokoni: baada ya siku mbili hivi jani limesinyaa, na ukali umepungua sana. Ukitafuna, kemikali hiyo huingia kwenye damu mpaka ubongoni. Huko huufanya ubongo umwage dopamini kwa wingi, kitu ambacho kwa kawaida hukitoa kwa kipimo. Ndipo mtu anachangamka, anaongea bila kituo, njaa hana, usingizi hana.

Je, nguvu hizo zimetoka wapi? Mirungi haikuleta chakula wala pumziko. Mwili umechoka vile vile. Kilichozimwa ni kengele tu. Moyo unakwenda mbio, mishipa inabana, presha inapanda. Sisi wanaushirika mkopo tunaujua. Huu nao ni mkopo, na mdai wake hakawii. Saa chache baadaye mtu ananyong'onyea, hasira ziko karibu, akilala usingizi hauji. Kesho anatafuta kitita kingine alipie deni la jana. Anayetafuna sana kwa miaka hupata choo kigumu, kinywa huharibika, moyo huwa hatarini. Wengine husikia sauti zisizokuwapo.

Tena kuna sheria. Kwa jirani zetu Kenya miraa ni zao la biashara. Hapa Tanzania mirungi ni dawa ya kulevya kwa Sheria ya mwaka 2015. Lori letu likikamatwa nayo, hasara ni yetu sote.

Basi tunapendekeza: zamu ya usiku igawanywe mara mbili, uji upikwe ghalani saa sita usiku, dereva aliyekesha asishike usukani. Gharama zitasomwa mkutanoni, njooni tuamue pamoja.

Na jamani, tusiwacheke wanaotafuna. Anayetaka kuacha tumsindikize zahanati, na akirudi akute kazi yake ipo.

Uchovu hauna dawa ila kupumzika.