Mchezaji na Mamlaka juu ya Kazi Yake: Mafunzo kutoka kwa Li Na wa China

Mada kwa semina ya viongozi wa vyama vya michezo, walimu na makocha



1. Utangulizi

Mada hii inahusu Li Na, mwanamke wa Wuhan aliyestaafu tenisi Septemba 2014 akiwa na mataji mawili ya Grand Slam. Nimemchagua kwa sababu safari yake inagusa swali linalotukabili sote tunaolea wachezaji: aliyekuzwa kwa fedha za umma, jasho lake ni la nani? Hoja yangu ni kwamba mfumo wa serikali ulimfikisha Li Na mbali, lakini kileleni alifika baada ya kukabidhiwa mamlaka juu ya kazi yake.

2. Malezi

Li Na alizaliwa Februari 26, 1982. Baba yake alicheza mpira wa vinyoya, na binti akaanzia huko huko kabla ya kuhamishiwa tenisi akiwa bado mdogo wa shule ya msingi. Baba huyo alifariki binti akiwa na miaka 14.

Serikali ilimlisha, ikamlaza, ikamlipia makocha na safari. Hilo ni deni la kweli, na hatuna haki ya kulipuuza. Lakini malezi yenyewe yalikuwa ya kukaripia. Katika kitabu cha maisha yake ameeleza jinsi kocha wake wa utotoni alivyomnyima sifa mwaka hadi mwaka, na jinsi ukali huo ulivyomwachia mazoea ya kujitilia shaka hata alipokuwa anashinda. Makocha tuliomo humu tulipime hilo kwa uzito wake.

3. Kuondoka na kurudi

Mwishoni mwa 2002, akiwa na miaka 20, aliacha tenisi. Alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Huazhong, mjini kwao, pamoja na Jiang Shan, mchezaji mwenzake ambaye baadaye akawa mumewe. Kipaji alikuwa nacho. Kilichomchosha ni maisha ambayo kila jambo lilikuwa limekwisha kuamuliwa na wengine.

Mwaka 2004 alirudi, baada ya Sun Jinfang, kiongozi wa tenisi wa China na nyota wa zamani wa voliboli, kumshawishi. Mwaka huo huo alishinda Guangzhou na kuwa Mchina wa kwanza kutwaa taji la mchezaji mmoja mmoja la WTA, chama cha kimataifa cha tenisi ya wanawake. Mwaka 2006 alifika robo fainali ya Wimbledon. Katika Olimpiki ya Beijing ya 2008 alimtoa Venus Williams, akamaliza wa nne.

4. Mkataba mpya

Mwishoni mwa 2008, wakuu wa tenisi wa China waliwaruhusu Li Na, Zheng Jie, Yan Zi na Peng Shuai kujitegemea. Wachina waliuita utaratibu huo danfei, yaani kuruka peke yako. Kabla ya hapo, asilimia 65 hivi ya mapato ya mchezaji ilichukuliwa na mfumo. Sasa walitakiwa kutoa kati ya asilimia 8 na 12 ya fedha za zawadi. Nao wakabeba mzigo wao: mshahara wa kocha, tiketi, hoteli na matibabu vilitoka mfukoni mwao. Ratiba waliipanga wenyewe.

5. Matunda

Januari 2010, Li Na na Zheng Jie walifika wote nusu fainali ya michuano ya wazi ya Australia. Mwaka uliofuata Li Na alicheza fainali ya huko, akashindwa na Kim Clijsters. Baadaye akafanya uamuzi ambao chini ya mfumo wa zamani usingekuwa wake: Jiang Shan, aliyekuwa anamfundisha, alimpisha kocha Michael Mortensen wa Denmark. Juni 4, 2011, katika fainali ya michuano ya wazi ya Ufaransa jijini Paris, alimshinda Francesca Schiavone kwa 6-4, 7-6. Hakuna mchezaji wa nchi ya Asia aliyewahi kutwaa Grand Slam ya mmoja mmoja kabla yake. Inakadiriwa Wachina milioni 116 walitazama fainali hiyo kwenye televisheni.

Uhuru haukumkinga na kuanguka. Miezi michache baadaye alitolewa raundi ya kwanza ya US Open. Mwaka 2012 akamchukua Carlos Rodriguez, aliyekuwa kocha wa Justine Henin. Fainali ya Australia ya 2013 aliteguka kifundo cha mguu, akaanguka na kugonga kichwa, akashindwa na Victoria Azarenka katika seti tatu. Mwaka 2014 alirudi uwanja ule ule na kumshinda Dominika Cibulkova kwa 7-6, 6-0. Februari hiyo akawa wa pili kwa ubora duniani.

Magoti yalimstaafisha, baada ya kufanyiwa upasuaji mara nne. Mwaka 2019 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa tenisi huko Newport, Marekani. Mwaka 2024 Zheng Qinwen, binti wa Hubei, jimbo la kwao Li Na, aliyekua akimtazama, alishinda dhahabu ya Olimpiki jijini Paris.

6. Hitimisho na mapendekezo

China haikumpoteza Li Na ilipomwachia. Ilimpata. Kwa hiyo napendekeza:

(a) Kila mchezaji anayelelewa na chama awe na mkataba ulioandikwa, unaotaja mgawo wa mapato yake na tarehe ya kupitiwa upya.

(b) Mchezaji aliyekomaa ashirikishwe katika kuchagua kocha na kupanga ratiba, na mlango wa masomo usifungwe.

(c) Mafunzo ya makocha yahusishe namna ya kusema na mtoto: kumrekebisha bila kumvunja.

(d) Chama kigharimie matibabu ya majeraha, hata kwa mchezaji anayejitegemea.

Mcheza kwao hutunzwa. Tusingoje mabinti zetu washinde ndipo tukimbilie uwanja wa ndege na mashada ya maua. Tuwape haki yao leo, wakiwa bado wanajifunza kushika raketi.