Minyoo ya Ng'ombe na Majira Yake

Leo nataka kusema nanyi, wafugaji wa Kasulu na Kibondo, habari ya adui ajaye kwa siri.

Mzee mmoja, jirani yangu, alikuwa na ng'ombe wa maziwa, tegemeo la karo ya wajukuu wake. Mwezi wa Januari, majani yakiwa tele, ng'ombe huyo alikonda, maziwa yakapunguka, akavimba chini ya taya, hata akafa. Watu wakasema, "Amerogwa, ashibaye hakondi." Walakini alipopasuliwa, ini lilikuwa gumu, na ndani ya mirija ya nyongo ilikuwamo minyoo bapa, mfano wa majani madogo.

Je, aliipata wapi? Si katika malisho ya Januari. Tangu Juni hata Septemba vilima vyetu hukauka, nasi huteremsha ng'ombe mabondeni. Mavi ya ng'ombe wagonjwa hutia mayai ya minyoo majini. Vijinyoo vikiisha kuanguliwa huingia katika konokono wadogo, hukua humo, kisha hutoka na kujishikiza majanini. Ng'ombe akivimeza, hupita miezi kadhaa kabla havijakomaa katika ini. Basi ugonjwa wa wakati wa mvua ulipandwa kiangazi.

Minyoo ya tumbo ina desturi nyingine. Mvua zianzapo, karibu na Novemba, mayai yaliyo katika mavi huanguliwa, na vijinyoo hupanda majani yenye umande. Vikiliwa, yapata majuma matatu tu huwa minyoo mizima. Ndama ndio waumiao zaidi.

Basi tufanyeje? Kiangazi, zungushieni vinamasi ua, mkawanyweshe ng'ombe katika hori. Wakati wa mvua, ndama wasitoke kabla umande haujakauka, na mavi ya zizini yatiwe shimoni. Mwanzo wa mvua na mwisho wake, mwendeeni Bwana Mifugo kwa ajili ya dawa. Mwelezeni mlikolisha, maana dawa nyingi za minyoo ya tumbo haziui ile ya ini. Kipimo msikikisie; na maziwa ya siku zilizokatazwa kwenye chupa ya dawa msiyanywe wala msiyauze.

Mzee yule amepata mtamba mwingine. Hori li tayari karibu na zizi, na kinamasi kina ua. Nanyi fanyeni vivyo hivyo, kabla Januari haijafika. Kwaherini.