Kuishi Kuna Maana Gani Hapa Kambini?

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya walimu, Siku ya Wakimbizi Duniani)

Tunasema katika siku hii ya tarehe 20 Juni, ambayo huadhimishwa ulimwenguni tangu mwaka 2001.

Mwaka huu tulipata neno zito shuleni. Mwenzetu mmoja, aliyefiwa na watoto wawili tulipokimbia Kivu ya Kusini, ameacha kwenda kusali. Baadhi ya wazazi walituuliza: mtu asiyesali atawafundisha nini watoto wetu? Walitaka aondolewe darasani. Tulikaa jioni mbili kulizungumza, na mawazo yetu tunayaleta mbele yenu.

Sisi wengi wetu ni watu wa sala. Tulivuka mto Ruzizi na kuingia Burundi bila kitu mkononi, tukilitaja jina la Mungu tu. Kwa hiyo hatuidharau imani. Lakini chuoni, katika somo la saikolojia, tulijifunza habari za daktari Myahudi wa Vienna, Viktor Frankl. Mwaka 1942 Wanazi walimpeleka kambini pamoja na mkewe na wazazi wake. Alipitia kambi nne, na Auschwitz ikiwa mojawapo. Kambi zile zilikuwa za mateso na mauaji. Hii yetu ni ya kimbilio, wala hatuzilinganishi. Huko alipoteza mswada wa kitabu chake. Baadaye, akiugua homa, alianza kuuandika upya kwenye vipande vya karatasi. Alikombolewa mwaka 1945, lakini wazazi wake, ndugu yake na mkewe hawakunusurika.

Daktari huyo alifundisha kwamba mtu hupata maana ya maisha kwa njia tatu: kazi anayoifanya, mtu anayempenda, na namna anavyoyakabili mateso asiyoweza kuyaondoa. Yeye mwenyewe alimwamini Mungu, lakini hakusema njia hizo ni za waumini peke yao.

Tukamtazama mwenzetu. Hufika shuleni kabla yetu sote. Chaki ikiisha, huokota mkaa. Mtoto asipoonekana siku mbili, humfuata hadi chini ya shitingi yao kuuliza habari. Tulimwuliza anapata wapi nguvu. Akajibu: "Wale wangu sikuweza kuwafikisha ng'ambo. Hawa nataka niwafikishe darasa la sita."

Basi tuliamua abaki. Mzee mmoja wa kanisa alisema: "Huyu amekwisha kukimbia mara moja, sisi tusimkimbize mara ya pili." Wazazi wawili waliwahamishia watoto wao darasa jingine. Ni haki yao, na hatuna kinyongo nao.

Vijana wetu, tunawaona mkikaa kutwa nzima mkingoja majina yenu yatoke kwenye orodha ya kupelekwa nchi za mbali. Kungoja si kosa, lakini kungoja peke yake hakumjengi mtu. Msomee barua bibi asiyejua kusoma. Mchotee maji mgonjwa. Anayesali afanye hivyo kwa ajili ya Mungu, asiyesali afanye kwa ajili ya jirani. Bibi atasomewa barua yake, na mgonjwa atakunywa maji.

Nanyi wageni wetu wa mashirika, mgao mnaotupa unatutia nguvu mwilini, na tunashukuru. Lakini mtu huhitaji pia kuhitajiwa. Mnapopanga kazi za kambi, tuulizeni kwanza ni nani kati yetu anayeweza kuifanya. Wazee walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tumekaa miaka. Tunaomba jembe.