Figo Mpya na Makopo ya Virutubisho

Mazungumzo na wajumbe wa kamati za afya za parokia, Kilwa Masoko

Ndugu wanakamati, na ninyi wafadhili wetu mtakaoyasoma maneno haya katika jarida,

Mwenyekiti aliniomba nizungumzie lishe kwa jumla, nami nikamwomba ruhusa nizungumzie kundi dogo sana la watu, yaani wale waliopandikizwa figo. Pengine katika parokia nzima yupo mmoja tu, au hayupo kabisa. Lakini akiwapo, ujue jamaa na majirani wamemchangia, na mara nyingi figo yenyewe imetoka kwa ndugu yake wa damu. Inasikitisha mno mtu wa namna hiyo akipotezwa na kopo la unga wa majani.

Kwa miaka mingi wagonjwa wetu walipelekwa India. Muhimbili walifanya upandikizaji wao wa kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata Machi 2018. Kwa hiyo tutegemee kuwaona wengi zaidi wakirudi nyumbani Kivinje, Nangurukuru, Kilwa Masoko na Lindi mjini.

Akirudi, watu hudhani ugonjwa umekwisha. Sivyo. Mwili una askari wake, na askari hao wanaiona figo ile kuwa ni mgeni aliyeingia bila hodi. Hapo ndipo zinapohitajika dawa kama takrolimasi, saiklosporini na prednisoloni, ambazo kazi yake ni kuwatuliza askari hao ili wamwache mgeni aishi. Dawa humezwa kila siku, kwa saa ileile, maadamu figo inafanya kazi.

Sasa ndugu, tazameni maandishi kwenye makopo yanayouzwa mitaani na kwenye mabasi: "Huongeza kinga ya mwili." Miaka ya UKIMWI ilitufundisha sote kwamba kinga ikipanda ni habari njema, na somo lile lilikuwa sahihi kwa ugonjwa ule. Kwa aliyepandikizwa figo mambo ni kinyume. Anayemletea kitu cha kuamsha kinga anawaamsha askari waliolazwa kwa gharama kubwa. Na anayemletea kwa kawaida si adui. Ni shangazi, au mama mkwe, au jirani aliyemwona amekonda.

Hatari ya pili iko kwenye ini, na hii watu wengi hawaijui. Ini ndilo linalovunjavunja dawa hizi, na vipo vyakula na mimea inayolifanya liharakishe kazi hiyo au liichelewe. Mwaka 2000 madaktari wa Zurich, Uswisi, waliandika habari za wagonjwa 2 waliopandikizwa moyo, ambao walianza kutumia mmea wa Ulaya uitwao kitaalamu Hypericum, unaouzwa kama kitulizo cha huzuni. Kiwango cha saiklosporini katika damu kilishuka na mwili ukaanza kuikataa mioyo ile. Walipoacha mmea ule, hali ikatengemaa. Balungi nalo hufanya kinyume chake: hupandisha kiwango cha dawa, na dawa ikizidi huidhuru figo ileile inayolindwa. Tofauti kati ya dawa kupungua na dawa kuzidi ni ndogo sana, na hakuna ajuaye bila kupimwa damu. Mgonjwa hasikii maumivu. Anakula, anacheka, anakwenda shamba, huku kreatinini inapanda.

Tatu ni figo yenyewe. Hapa pwani tuna mibirimbi nyuma ya nyumba, na birimbi katika achari au mchuzi hatuna ugomvi nalo. Lakini huko Kerala, India, ambako pia tunda hili ni la nyumbani, mwaka 2013 madaktari walitoa taarifa ya watu 10 ambao figo zao ziliharibika ghafla baada ya kunywa juisi nzito ya birimbi, na wengi wao walihitaji kusafishwa damu kwa mashine. Birimbi lina asidi ya oksaliki nyingi, nayo huganda ndani ya figo kama chokaa. Watu wale walikuwa na figo 2. Aliyepandikizwa anategemea moja, na ndugu aliyemtolea naye amebaki na moja. Huyu wa pili tunamsahau mno! Naye aambiwe kuhusu juisi hii, na kuhusu kumeza diklofenaki ovyo kila mgongo unapouma.

Nisieleweke kwamba nawapiga vita waganga. Nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na lipo baraza linalowasajili. Shida yangu ni kopo au chupa isiyojulikana ndani yake mna nini. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokwenda kupunguza unene walipewa mitishamba ya Kichina ambamo mmea mmoja ulibadilishwa kwa mwingine wenye sumu, na figo za wengi wao zikafa. Ikiwa hayo yalitokea Brussels, sembuse kwenye kituo cha basi. Nasi tunakumbuka kikombe cha Loliondo mwaka 2011, jinsi baadhi ya wagonjwa walivyoacha dawa zao baada ya kunywa.

Kwa kamati, ombi langu ni hili. Wauzaji wa virutubisho wasipewe nafasi ya kutangaza baada ya ibada. Najua baadhi ya wauzaji ni sisi wenyewe tuliomo humu, na sisemi mfunge biashara, ila mmuulize mteja kama amewahi kupandikizwa kiungo, na akisema ndiyo, msimuuzie. Anayemtembelea mgonjwa apeleke samaki, mchele au nauli.

Kwa wafadhili, niwie radhi nikisema wazi. Vifurushi vya vidonge vya vitamini na majani makavu vinatumwa kwa upendo, lakini kwa mgonjwa huyu ni afadhali visije. Vitamini C peke yake, ikimezwa kwa wingi, huongeza oksaliki ileile. Fedha hizo zingemfikisha Dar es Salaam, kilometa zipatazo 300 kutoka Kilwa Masoko, akapimwe kiwango cha dawa.

Kisha kuna barabara. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam huku kwetu Kilwa, na magari yakakwama kwa siku kadhaa. Mtu mwenye dawa za siku 2 mfukoni angefanya nini? Tusaidie wagonjwa wawe na akiba ya angalau wiki 2 kabla ya masika, kwa kibali cha kliniki yao. Na namba ya simu ya kliniki hiyo iandikwe ndani ya jalada la daftari la kamati, si kwenye kikaratasi.