Tusiseme "Ni Lupasi Yake Tu"

Leo tuongee juu ya wenzetu wenye lupasi. Ugonjwa huu hauambukizi, wala hauletwi na uchawi. Kinga ya mwili inageuka na kuupiga mwili wenyewe. Dawa kama prednisoloni huituliza kinga hiyo, lakini kinga ikilegea sana, kuvu hupata mlango.

Kuvu moja, iitwayo kriptokokasi, hukaa udongoni na kwenye kinyesi cha njiwa. Mtu huivuta pamoja na vumbi. Huingia mapafuni, halafu yaweza kufika kwenye utando wa ubongo.

Dalili zake ni kichwa kuuma siku nyingi, homa, kutapika, shingo kukakamaa na kuchanganyikiwa. Shida ni kwamba lupasi nayo huleta homa na kuumwa kichwa. Basi sisi husema, "Ah, ni lupasi yake tu," tukangoja, kumbe kuvu inaendelea kula.

Tufanye nini?

Kwanza, tumpeleke hospitali mapema, tukibeba dawa zote anazomeza. Tuulize kama damu na maji ya uti wa mgongo yapimwe. Dawa za kuvu zipo, asiyetibiwa hufa.

Pili, asiache prednisoloni ghafla. Hiyo pia yaweza kumwua.

Tatu, kufagia kibanda cha njiwa tumfanyie sisi.

Kikundi kisicho na akiba ya nauli ya mgonjwa, kianze kuchanga mkutano ujao.