MALORI YA MAZAO NA DESTURI YA KUONGOZANA
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mbangala



Nimeombwa niseme juu ya malori yanayochukua ufuta wetu kutoka hapa Mbangala kwenda Mkwajuni, na kutoka huko hadi Mbalizi. Mkulima akishapima gunia lake hudhani kazi imekwisha. Haijaisha.

Wazee waliomo humu wanaikumbuka Novemba 1965, Ian Smith alipojitangazia uhuru kule Rhodesia, na Zambia ikakosa mafuta. Mapipa yalibebwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, yakapita Mbeya na Tunduma kwa barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Watu waliiita njia ya Jehanamu, wala hawakutia chumvi, maana madereva wengi walikufa humo kabla bomba la mafuta halijafunguliwa mwaka 1968. Sisi hatuendi mbali kiasi hicho, lakini udongo ni ule ule, na mvua haijui kama njia ni fupi.

Basi, malori yakiondoka pamoja, la mbele lishikwe na dereva anayeijua njia, na la nyuma kabisa na fundi mwenye vyombo, kamba na machepe. Lililo zito kupita yote likae karibu na mbele, ili wengine waufuate mwendo wake. Kila dereva na amtazame anayemfuata katika kioo chake, asipomwona, asimame. Penye njia panda asiondoke mpaka mwenzake ameiona njia aliyoishika. Desturi hii ndogo yatosha kuunganisha malori kumi bila simu, nayo simu mabondeni humu hukatika mara nyingi.

Wakati wa vumbi waachiane nafasi na kuwasha taa. Penye tope au mto, lipite lori moja tu, na la pili lingoje hadi la kwanza limekanyaga pakavu. Mto usiojulikana kina hauingiwi kwa ujasiri. Ukiwa umejaa maji mekundu yaendayo kasi, watu walale ng'ambo hii. (Nauzungumzia Songwe wetu uingiao Ziwa Rukwa, si ule wa mpaka wa Malawi, wageni huichanganya.) Wala mtu asitumwe kupima kina kwa miguu penye mamba.

Juu ya kukokotana nitasema kwa ukali. Mnyororo ukikatika hurudi kama upanga. Watu wote wasimame mbali, zaidi ya urefu wa mnyororo wenyewe, na watoto wafukuzwe kabisa. Na abiria juu ya magunia wakataliwe, hata akiwa ni shemeji wa dereva.

Lakini Bwana Mwenyekiti, maonyo haya yote ni bure ikiwa dereva hulipwa kwa kila safari anayowahi kumaliza. Mtu wa namna hiyo atamwachaje mwenzake asimwache? Njaa yake yamsukuma. Kwa hiyo naleta ombi mbele ya Halmashauri: ujira wa msafara ulipwe kwa madereva wote kwa pamoja, siku ile lori la mwisho litakapoingia ghalani, na siku ya kungojana mtoni ihesabiwe kuwa siku ya kazi. Gharama itaongezeka kidogo, na itatoka katika ufuta wetu sisi wenyewe. Naomba jambo hili liandikwe katika ajenda ya mkutano ujao, kabla ya mavuno.